Uzi maalumu: Miles Davis, kahawa ya Kilimanjaro na Kiswahili kilichomo ndani ya jazz, blues na rock

#1 KahawaChungu (Moshi)

Wakuu, salaam kutoka Moshi.

Marehemu baba yangu alikuwa muonjaji wa kahawa hapa mjini. Kazi yake ilikuwa kuvuta kijiko kimoja kwa kishindo, kukizungusha mdomoni, kutema, kuandika alama, kisha kuhamia kikombe kinachofuata. Alipotutoka alituachia sanduku la mbao lililojaa sahani za santuri. Nyingi ni za dansi: Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz. Moja haikufanana na wenzake. Jalada lina sura ya mwanamke mweusi, picha mbili zimepandana, na maneno ya Kifaransa: Filles de Kilimanjaro. Yaani wasichana wa Kilimanjaro. Mpigaji ni Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazz wa Marekani.

Nilikuwa darasa la saba. Niliifuta kwa kipande cha kanga, nikaiweka, nikashusha sindano upande wa pili kwa sababu ndiko jina la mlima lilikoandikwa. Kwanza ule mkwaruzo, halafu besi na kinanda cha umeme vinaanza kuzungukiana taratibu, kisha tarumbeta na saksafoni zinaingia pamoja na mdundo wa sauti ambao ukiusikia mara moja unatembea nao hadi sokoni. Sikuelewa kitu, lakini sikuitoa. Mama akaja mlangoni akauliza, "Huyu naye anatafuta nini?" Nikamjibu anautafuta mlima.

Baadaye nilipokua nikaanza kufuatilia. Albamu ile ilirekodiwa Juni na Septemba 1968 huko New York. Na jina halikutoka kwa mtu aliyepanda mlima. Miles alikuwa ameweka fedha zake kwenye kampuni iliyoitwa Kilimanjaro African Coffee, na jina la albamu kwa sehemu linatokana na hiyo kampuni. Nyimbo zote akazipa majina ya Kifaransa. Nilipolijua hilo nilikaa kimya muda mrefu. Baba alikuwa anaonja kahawa mchana, jioni anasikiliza sahani iliyopewa jina kwa ajili ya kahawa, na sijui kama mwenyewe aliwahi kujua.

Mambo mengine ya albamu hiyo hiyo:

Mwanamke wa kwenye jalada ni Betty Mabry, mwanamitindo na mwimbaji. Walioana na Miles Septemba 1968, mwezi ule ule wa kikao cha pili cha kurekodi, na wimbo wa mwisho, Mademoiselle Mabry, ni wake. Ndoa ilidumu mwaka mmoja hivi, lakini huyo mama ndiye aliyemsogeza Miles kwa Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa rock. Sikilizeni Mademoiselle Mabry kisha sikilizeni The Wind Cries Mary ya Hendrix ya 1967. Jazz imekopa kwa rock, tena wazi.

La pili, wapigaji walibadilika katikati ya albamu. Wimbo wenye jina la mlima una Herbie Hancock kwenye kinanda na Ron Carter kwenye besi. Septemba viti vyao vimekaliwa na Chick Corea na Dave Holland. Hancock alikuwa ameoa, akaenda fungate Brazil, chakula kikamdhuru, daktari akamzuia kusafiri. Aliporudi akakuta Miles ameshaweka mtu mwingine.

Nawaomba wenye mambo kama haya, ya wanamuziki wa kule yanayogusa huku kwetu, myaweke hapa. Na yasiyogusa pia karibuni, ila yawe ya kweli. Uongo kwenye muziki ni mwingi mno.

#2 Chalii wa Kijenge (Arusha)

Mkuu, uzi mzito. Naanza na linalonikera tangu nikiwa mdogo: bendi ya Toto ya Marekani, wimbo wa Africa, 1982. Wanasema Kilimanjaro unainuka kama Olympus juu ya Serengeti. Kila mgeni anaimba. Jamani, Kilimanjaro na Serengeti wapi na wapi?

#3 Dereva wa Naabi (Arusha)

Chalii yangu, hapo umenigusa, maana huo wimbo nimeusikia kwenye gari kuliko honi yangu.

Nimebeba wageni kwenda Serengeti miaka kumi na minne. Kutoka hapa unapita Makuyuni, Mto wa Mbu, unapanda ukuta wa bonde, Karatu, lango la Ngorongoro, unazunguka ukingo wa kreta kwenye ukungu, unashuka nyanda za upande wa pili hadi lango la Naabi. Ukifika hapo umeuacha Kilimanjaro nyuma yako zaidi ya kilomita 200 za mstari mnyoofu, na katikati umeweka nyanda za juu za Ngorongoro. Hauuoni. Wageni huwa wanauliza wakiwa wamesimama juu ya viti, kichwa nje ya paa, "Uko upande gani?" Nawaonyesha mashariki. Wanaangalia mashariki.

Lakini mimi siwalaumu sana wale jamaa. Aliyetunga maneno mengi ni David Paich, mpiga kinanda, akishirikiana na Jeff Porcaro wa dramu, na Paich alikuwa hajakanyaga Afrika. Alisoma shule ya Kikatoliki, na baadhi ya mapadri waliomfundisha walikuwa wamewahi kufanya umisionari huku. Kwa hiyo aliandika mlima wa kusimuliwa. Hata wenzake kwenye bendi hawakuuamini, nusura uachwe nje ya albamu. Februari 1983 ukashika namba moja Marekani.

Ninachopenda pale ni ngoma. Porcaro na mwenzake Lenny Castro walipiga dramu na ngoma za mkono pamoja kwa muda, kisha wakachagua kipande kidogo kilichokaa vizuri, wakakata utepe na kuufanya ujirudie. Ule mdundo unaousikia mwanzo mwisho ni kipande kile kile kinachozunguka.

#4 Chalii wa Kijenge

Sawa kaka, nimekuelewa, ila bado nasema wangeuliza. Mwaka ule ule wa 1982 Them Mushrooms wa Mombasa walitoa Jambo Bwana, na ndio wimbo ambao waongozaji na wapagazi wanaimba mlimani hadi leo, wameugeuza maneno wakaingiza Kilimanjaro. Huo ndio wimbo wa mlima, umebebwa na wanaoupanda.

#5 Mwalimu Mstaafu (Usa River)

Vijana, naomba nami niseme kidogo.

KahawaChungu amemtaja Herbie Hancock akaishia kwenye fungate. Habari yake haijaisha, na inayofuata ndiyo inayotuhusu zaidi kuliko jina la mlima.

Baada ya kuondoka kwa Miles, Hancock aliunda kundi la watu sita, na mwaka 1971 wakatoa albamu inayoitwa Mwandishi. Ndiyo, Kiswahili. Mwandishi ndilo jina alilojichukulia yeye mwenyewe. Kundi zima lilikuwa na majina. Buster Williams wa besi akawa Mchezaji. Billy Hart wa dramu akawa Jabali, na ukimsikia anavyopiga huhitaji kuuliza kwa nini. Julian Priester wa tromboni akaitwa Pepo Mtoto. Eddie Henderson wa tarumbeta akaitwa Mganga, na hilo lilikaa kweli kweli, kwa sababu alikuwa daktari aliyesomea udaktari chuo kikuu na alitibu watu.

Majina hayo yaliletwa na kijana aliyeitwa James Mtume. Alikuwa mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath, na alikuwa amepitia California kwenye jumuiya ya Maulana Karenga, ile iliyoanzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966. Tazameni nguzo saba za sikukuu hiyo: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Neno Ujamaa Mwalimu Nyerere alikuwa ameshaliandikia tangu 1962. Mwezi Februari 1967 likatoka Azimio hapa Arusha, na Wamarekani weusi wengi wakazidi kuielekeza shingo Tanzania. Walichagua Kiswahili kwa sababu hakikuwa mali ya kabila moja. Wao walikuwa watu waliopokonywa lugha zao bila kujua ni ipi hasa, kwa hiyo walihitaji lugha ambayo mtu yeyote wa Afrika angeweza kuikalia kama mkeka.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili miaka yote hiyo, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna watu New York na California wanapiga muziki wakiitana Mchezaji na Jabali. Ningewaambia wanafunzi wangu. Lingewasaidia wale waliokuwa wanaona aibu.

Mtume mwenyewe alipiga ngoma kwa Miles kuanzia 1971 hadi 1975, na baadaye akaanzisha bendi yake. Wimbo wao Juicy Fruit wa 1983 ndio uliokatwa ukatengenezewa Juicy ya Notorious B.I.G. mwaka 1994. Kwa hiyo vijana wa hip hop, kila mnapoitikisa hiyo mjue chini yake yupo mtu aliyechagua kuitwa Mtume.

#6 KahawaChungu

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma mara tatu. Naomba ruhusa niichapishe hii niibandike ukutani.

Niongezee hapo hapo: mwaka 1958, Uhuru bado miaka mitatu, John Coltrane na mpiga tarumbeta Wilbur Harden walirekodi wimbo unaoitwa Tanganyika Strut. Mwendo wa maringo wa Tanganyika. Na Novemba 1960 mpiga kinanda Randy Weston alirekodi albamu nzima akaiita Uhuru Afrika, maneno ya mshairi Langston Hughes, upangaji wa vyombo wa Melba Liston, mwanamke aliyekuwa pia mpiga tromboni. Mwanzoni kabisa kuna sauti ya mtu anasema Kiswahili, na mtu huyo ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Mwaka mmoja kabla bendera yetu haijapanda! Makaburu waliipiga marufuku sahani hiyo Afrika Kusini.

#7 Mtoto wa Chumbageni

Msisahau Tanga. Kuna wimbo wa jazz wa Kikyuba unaitwa Tanga, wa mwaka 1943, bendi ya Machito, mtunzi Mario Bauzá. Watu wa Tanga tulianza mapema.

#8 Mwalimu Mstaafu

Mwanangu, wimbo upo na mwaka ni huo, na wengi wanauhesabu kuwa mwanzo wa jazz ya Kikyuba. Lakini si Tanga yetu. Majina yamegongana tu. KahawaChungu ameomba ya kweli.

#9 Mtoto wa Chumbageni

Nimepokea Mwalimu. Basi nirudi na la kweli la Tanga, tena linapita Arusha. Wale ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walikuwa na Jamhuri Jazz pale Tanga. Mwaka 1970 wakahamia Arusha, mdogo wao William akaungana nao, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata wakavuka kwenda Mombasa, na huko ndiko wakawa Simba Wanyika. Baadaye kundi likapasuka, wakatoka Les Wanyika wa Sina Makosa. Kumbe ule mti wote mzizi wake mmoja uliwahi kukaa hapo Arusha mwaka mmoja tu.

Na kwa wasiojua, neno jazz kwenye majina ya bendi zetu halikuwa na maana ya muziki wa Miles. Lilikuwa na maana ya bendi ya dansi yenye magitaa na tarumbeta. Walipiga rumba.

#10 Mama Himo

Habari zenu. Mimi nakaa Njia Panda ya Himo, pale barabara inapogawanyika, moja Taveta na Marangu, nyingine Same hadi Dar. Naandika kuhusu Robert Johnson kwa sababu ya jina la kwetu.

Wote mmesikia: mpiga gitaa wa blues wa Mississippi aliyekwenda njia panda usiku wa manane akauza roho kwa shetani, akarudi anapiga gitaa kuliko wote. Alikufa 16 Agosti 1938 akiwa na miaka 27. Alirekodi nyimbo 29 tu maishani, vikao viwili, San Antonio 1936 na Dallas 1937.

Sasa, mimi nilikaa nikasikiliza Cross Road Blues maneno yake moja moja, nikiwa na mtoto wa dada yangu anayejua Kiingereza vizuri. Shetani hayumo. Hayumo kabisa. Mtu yuko njia panda, anapiga magoti, anamwomba Mungu amhurumie. Kisha anajaribu kusimamisha gari apate lifti, hakuna anayesimama, na jua linazama. Basi. Mtu mweusi, Mississippi ya miaka ile, giza linaingia, ugenini, hana usafiri. Hofu yake ni ya wazi, haihitaji shetani.

Nakaa njia panda. Nawaona kila siku jioni wanaonyoosha mkono, mabasi yamejaa yanapita. Kina mama wenye ndizi, wanafunzi. Saa kumi na mbili na nusu uso wa mtu aliyekosa gari unabadilika. Ule wimbo ni huo uso.

Habari ya kuuza roho ilikuwa ikisimuliwa kuhusu mpiga gitaa mwingine, Tommy Johnson, wala si ndugu yake, ikaja kuhamishiwa kwa Robert. Ukweli ni kwamba alikuwa na mwalimu, Ike Zimmerman, na walikuwa wakifanya mazoezi usiku makaburini kwa sababu hapakuwa na wa kumsumbua. Alipata ufundi kwa kukesha.

#11 Dereva wa Naabi

Mama, shikamoo. Sitapita tena Himo bila kuangalia upande wa kituo.

#12 Fundi Redio (Arusha)

Wakuu, mimi ni fundi wa redio na kaseti, kazi imepungua ila sijaacha. Naleta la kiufundi.

Albamu ya Miles, Kind of Blue, ya 1959. Upande wa kwanza wote ulirekodiwa tarehe 2 Machi 1959. Mashine ya utepe iliyotumika siku hiyo ilikuwa inakwenda polepole kidogo kuliko inavyotakiwa. Mnakumbuka redio kaseti ukirekodi betri zikiwa zimechoka? Wakati unarekodi huoni tofauti. Ukiweka betri mpya ukasikiliza, sauti inakuwa nyembamba na inakimbia, kwa sababu utepe uliopita polepole sasa unapita kwa mwendo wake halali. Ndicho kilichotokea pale. Nyimbo tatu za mwanzo zilitoka juu kidogo ya sauti halisi, karibu robo ya toni. Kwa zaidi ya miaka thelathini wanafunzi wa muziki dunia nzima walikuwa wanajaribu kupiga pamoja na sahani hiyo na vyombo vyao havikubali. Wengi walidhani kosa ni lao. Lilirekebishwa miaka ya 1990, kwa sababu mashine ya akiba iliyokuwa imewashwa pembeni siku ile ilikuwa na mwendo sahihi.

Mwenye santuri ya zamani ana mwendo wenye kosa. Mimi ninayo yenye kosa na siibadilishi, nimeizoea hivyo.

#13 Chalii wa Kijenge

Fundi, hiyo ya betri umenirudisha kwa bibi.

Mimi naweka B.B. King. Majira ya baridi 1949, kijiji cha Twist, Arkansas. Ukumbi wa dansi wa mbao, joto linatoka kwenye pipa lililojazwa mafuta ya taa nusu, limewashwa moto katikati ya watu. Wanaume wawili wakagombana, pipa likapinduka, moto ukatambaa sakafuni kama maji. Wote wakakimbia. King akiwa nje akakumbuka gitaa lake liko ndani, akarudi motoni akalitoa, jengo likianguka. Kesho yake akaambiwa ugomvi ulikuwa wa mwanamke anayefanya kazi pale ukumbini, jina lake Lucille. Akalipa gitaa jina hilo, na kila gitaa lililofuata, ili akumbuke asifanye ujinga kama ule tena.

Na alifika Afrika: Septemba 1974 alipiga Kinshasa kwenye tamasha lililopangwa kwenda na pambano la ndondi la Ali na Foreman. Pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba kwa sababu Foreman alichanika juu ya jicho mazoezini, muziki ukaendelea kama ulivyopangwa.

#14 Mama Himo

Kwa kuwa mnawataja wanaume tu: Bessie Smith, malkia wa blues, alikufa kwa ajali ya gari Septemba 1937, na kaburi lake lilikaa bila jiwe miaka 33. Mwaka 1970 likawekwa, gharama zikitolewa na Juanita Green, aliyewahi kumfanyia kazi za nyumbani akiwa binti mdogo, pamoja na mwimbaji wa rock Janis Joplin. Joplin naye akafa Oktoba mwaka huo huo. Ana miaka 27, kama Robert.

#15 Mgeni wa Forodhani

Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, kazaliwa Unguja 1946, na Bohemian Rhapsody yao ya 1975 ina Bismillah ndani. Nimemaliza.

#16 KahawaChungu

Karibu ndugu wa Unguja, tulikuwa tunakusubiri.

Wanaouliza nianzie wapi kwenye Filles de Kilimanjaro: wekeni upande wa pili kwanza, kama nilivyofanya mimi kwa bahati. Wimbo wa mlima una dakika kumi na mbili. Msifanye kazi nyingine. Mimi husikiliza saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa nyuma wazi, Kibo kikiwa bado hakijavutwa shuka la mawingu, kahawa ikiwa kikaangoni. Ikianza kupasuka mara ya kwanza, tarumbeta ya Miles ndiyo inaingia. Nimepima.

#17 Dereva wa Naabi

Mkuu, leo alfajiri nilikuwa natoka Moshi na wageni wawili, mtu na mkewe, wameshuka mlimani jana, miguu haikunjiki. Wakataka ile ya Toto. Nikawaomba kwanza niwawekee ya kwetu, ile ya Miles yenye jina la mlima. Nimeibonyeza tukitoka Boma Ng'ombe. Hakuna aliyesema neno. Meru uko mbele, Kibo kiko kwenye kioo cha kulia, kizima, hakina wingu. Imeisha tunakaribia njia ya KIA, na yule mama akaniuliza kama naweza kuirudia.